Jukwaa Kiwamboni: Tamthilia Iliyorekodiwa na Suala la Hadhira

Utangulizi

Methali isemayo kwamba mcheza kwao hutuzwa hutumiwa aghalabu kuwahimiza watu wathamini kwao. Ni nadra msomaji kukumbuka kwamba methali hiyo imechipuka kutoka uwanja wa sanaa za maonyesho. Ndani yake mna mchezaji, mna mchezo, mna mahali pa kuchezea, na mna watu waliokusanyika wakatazama, wakapendezwa na kumtuza aliyewapendeza. Vipengele hivyo ndivyo Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walivyovifafanua katika kitabu chao cha mwaka 1976, Fasihi na Sanaa za Maonyesho, walipoeleza kwamba sanaa ya maonyesho hukamilika panapokuwa na dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Kikikosekana kimoja, kinachobaki huwa ni kitu kingine.

Katika miongo miwili iliyopita umezuka utaratibu unaoutia ufafanuzi huu majaribuni. Mchezo huigizwa jukwaani katika jiji kubwa, kamera zikaunasa, nao watazamaji walioketi katika ukumbi wa sinema wa mji mdogo ulio mamia ya kilomita kutoka hapo wakautazama kiwamboni. Wamelipa tiketi, taa zimezimwa, na mbele yao pana mwigizaji anayetokwa na jasho. Hata hivyo, mwigizaji huyo hajui kwamba wapo. Je, hiyo ni tamthilia au ni filamu? Na ikiwa ni tamthilia, ni nani hadhira yake? Makala haya yanafafanua utaratibu huo, yanaeleza historia na utendakazi wake kwa ufupi, kisha yanaupima kwa kutumia vipengele vinne vilivyotajwa. Mwishoni, yanadokeza umuhimu wa suala hili kwa tamthilia ya Kiswahili.

Dhana na Mipaka Yake

Ni muhimu kutofautisha mambo matatu ambayo huchanganywa mara kwa mara. La kwanza ni filamu iliyotokana na tamthilia. Hapa mwelekezi huchukua matini ya jukwaani na kuiandika upya kwa mahitaji ya kamera. Mandhari hutoka ukumbini yakaenda baharini au sokoni, na maneno mengi hukatwa ili picha zizungumze. La pili ni mchezo wa studio, ambao huigizwa mbele ya kamera bila hadhira yoyote. La tatu, ambalo ndilo kiini cha makala haya, ni utendaji halisi wa jukwaani ulionaswa ukitendeka mbele ya hadhira iliyolipa kuutazama. Jukwaa halifichwi. Hadhira ya ukumbini husikika ikicheka na kupiga makofi, na mwigizaji akiteleza ulimi, kosa lake husafiri pamoja naye.

Aina hii ya tatu nayo ina matawi mawili. Kuna matangazo ya moja kwa moja, ambapo mtazamaji wa sinemani huona tendo katika dakika ile ile linapotendeka. Kuna pia marudio, ambapo rekodi ya onyesho huonyeshwa siku au hata miaka kadhaa baadaye. Tofauti hii itadhihirika kuwa na uzito zaidi ya inavyodhaniwa.

Historia kwa Ufupi

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1964, mchezo wa Hamlet ulioigizwa na Richard Burton katika ukumbi wa Lunt-Fontanne jijini New York, chini ya uelekezi wa John Gielgud, ulirekodiwa kwa kamera za kielektroniki mbele ya hadhira. Mnamo Septemba mwaka huo rekodi hiyo ilionyeshwa kwa siku mbili tu katika kumbi za sinema zipatazo elfu moja kote Marekani. Makubaliano yalikuwa kwamba baada ya hapo nakala zote ziharibiwe. Waliobuni mpango huo walitaka rekodi iige tabia ya jukwaa: ionekane kisha itoweke. Nakala chache ziliponea chupuchupu, na ndizo zinazowawezesha wasomi wa leo kumtazama Burton katika nafasi hiyo.

Utaratibu huu ulipata nguvu mpya setilaiti na mitambo ya dijitali ilipofika katika kumbi za sinema. Nchini Ujapani, kampuni ya Shochiku ilianza mwaka 2005 kuonyesha sinemani rekodi za kabuki, sanaa ya jadi ya maigizo ya nchi hiyo. Tarehe 30 Desemba 2006, jumba la opera la Metropolitan la New York lilianza matangazo yake ya moja kwa moja kwa opera ya Mozart, The Magic Flute. Tarehe 25 Juni 2009, National Theatre ya London ilifuata kwa mchezo wa Phèdre, uliotungwa na Racine katika karne ya 17, ambapo Helen Mirren aliigiza mhusika mkuu. Ukumbi wa Lyttelton ulimoigiziwa mchezo huo una viti takriban 890, ilhali waliotazama onyesho hilo kupitia sinema, ndani na nje ya Uingereza, walikadiriwa kuwa 50,000.

Tamthilia za muziki hazikuachwa nyuma. Mnamo Septemba 2014, onyesho la moja kwa moja la Billy Elliot liliongoza kwa mapato ya sinema nchini Uingereza wikendi hiyo, likizipiku filamu za kawaida. Nayo Hamilton ya Lin-Manuel Miranda ilirekodiwa mwezi Juni 2016 katika ukumbi wa Richard Rodgers, New York, ikatolewa kwa njia ya mtandao mwezi Julai 2020 wakati kumbi zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona, kisha ikafikishwa katika kumbi za sinema za Marekani mwezi Septemba 2025. Ikumbukwe kwamba baadhi ya picha za karibu katika rekodi hiyo zilipigwa bila hadhira ukumbini, jambo linaloonyesha kwamba hata ndani ya aina hii ya tatu mipaka si mikavu.

Jinsi Tamthilia Inavyonaswa

Kurekodi mchezo si suala la kuiweka kamera moja nyuma ya ukumbi na kuiacha ikodoe macho. Kwa kawaida hutumiwa kamera kadhaa: nyingine hukaa mahali pamoja, nyingine husogea juu ya reli, na nyingine huinuliwa kwa mkono wa mtambo ili itazame jukwaa kutoka juu. Baadhi ya viti vya ukumbi huondolewa ili kamera zipate nafasi. Kabla ya siku yenyewe, mwelekezi wa kamera huutazama mchezo mara kadhaa akiandaa mpango wa picha, sentensi kwa sentensi, na hufanyika mazoezi ya kamera. Taa za jukwaani hurekebishwa kwa kuwa kamera haioni gizani kama jicho la binadamu. Vipodozi hupunguzwa kwa sababu rangi iliyokusudiwa kuonekana na mtu wa safu ya mwisho huonekana kama kinyago ikikaribiwa. Vipaza sauti vidogo hufichwa katika maleba na nywele.

Huko sinemani, mambo mengi ya ukumbi wa maigizo huhifadhiwa kwa makusudi. Onyesho la moja kwa moja huanza saa moja kwa kumbi zote. Kabla ya mchezo kuanza, kiwambo huonyesha watu wa London wakitafuta viti vyao. Wakati wa mapumziko, saa huonekana ikihesabu dakika zilizosalia, na watazamaji wa mji mdogo hutoka kununua vinywaji kama wanavyofanya wenzao walio mbele ya jukwaa. Katika miji mingi ya Uingereza isiyo na ukumbi wa maigizo, sinema ya mtaa ndiyo mahali pa pekee ambapo mkazi anaweza kuutazama mchezo wa aina hii bila kusafiri.

Vipengele Vinne Katika Mizani

Tendo. Mchezo wa jukwaani haurudiwi ukawa ule ule. Mwaka 2011, mwelekezi Danny Boyle aliandaa Frankenstein katika National Theatre ambapo Benedict Cumberbatch na Jonny Lee Miller walipokezana nafasi mbili kuu: leo huyu ni daktari na yule ni kiumbe aliyeumbwa, kesho kinyume chake. Mipangilio yote miwili ilirekodiwa. Aliyetazama mmoja tu hakuutazama mchezo wote, na aliyetazama yote miwili alifahamu kwamba maneno yale yale huzaa maana tofauti yanapotoka katika kinywa kingine. Rekodi moja hugandisha usiku mmoja miongoni mwa mingi. Hatari yake ni kwamba vizazi vijavyo vitauchukulia usiku huo kuwa ndio mchezo.

Mtendaji. Mwigizaji wa jukwaani hufunzwa kuikuza ishara yake imfikie mtu aliye mbali. Kamera humkaribia hadi kope zinahesabika. Mwigizaji aliyerekodiwa hujikuta akiwatumikia mabwana wawili: mtu wa roshani asiyeona uso wake, na mtu wa sinemani asiyeona kitu kingine isipokuwa uso huo. Waigizaji wengine hupunguza sauti na mikono usiku wa kamera, na waliolipia viti vya nyuma ndio hupungukiwa. Kwa upande mwingine, yapo mambo ambayo picha ya karibu huyafichua na ambayo awali yalikuwa haki ya wachache waliomudu viti vya mbele.

Uwanja. Jukwaa humpa mtazamaji uhuru wa kuchagua pa kutazama. Mfalme anapohutubu, mtu anaweza kumwangalia mtumwa aliyesimama pembeni akikunja ngumi. Katika sinema uchaguzi huo hufanywa na mwelekezi wa kamera. Hili ni badiliko la kimsingi kwa uhakiki, maana maana nyingi za tamthilia hukaa katika uhusiano wa wahusika kimahali: nani amesimama, nani ameketi, nani ametengwa. Maelekezo ya jukwaani ambayo mwanafunzi hufundishwa kuyachambua huweza kufifia ikiwa kamera inaandama uso wa msemaji tu. Rekodi nzuri ni zile zinazorudi mara kwa mara kwenye picha ya mbali ili mtazamaji aone umbo zima la onyesho.

Hadhira. Hapa ndipo penye fundo. Katika fasihi simulizi ya Kiswahili, fanani hawezi hata kuanza ngano kabla ya hadhira kuitikia. Akisema "Paukwa!" pasiwe na "Pakawa!", hana ngano. Katika taarab, msikilizaji huinuka na kumtuza mwimbaji pesa mkononi, mara nyingine kwa sababu ubeti umemgusa na mara nyingine kwa kuwa anataka umguse jirani. Itikio hilo ni sehemu ya sanaa yenyewe. Mtazamaji wa sinemani anaweza kucheka na kulia, lakini kicheko chake hakimfikii mwigizaji. Mchezo ukiisha husita: apige makofi? Ampigie nani?

Wananadharia wa Magharibi wamegawanyika kuhusu suala hili. Walter Benjamin, katika insha yake maarufu ya mwaka 1936, alidai kwamba kazi ya sanaa inapozalishwa upya kwa mitambo hupoteza upekee wa kuwepo kwake mahali pamoja na wakati mmoja. Peggy Phelan (1993) alishikilia kwamba utendaji huishi katika wakati uliopo pekee, na kwamba ukirekodiwa huwa kitu tofauti. Philip Auslander (1999) alimpinga kwa hoja kwamba dhana yenyewe ya "moja kwa moja" ilizaliwa na teknolojia ya kurekodi, kwani kabla ya kuwepo rekodi hapakuwa na haja ya kuitofautisha.

Ushahidi kutoka kwa watazamaji wenyewe unazidi kuutatiza mjadala huo. Utafiti wa shirika la NESTA la Uingereza uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba waliotazama maonyesho ya kwanza ya National Theatre sinemani waliripoti kuguswa kihisia kuliko waliokuwa ukumbini. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba sinema ni bora. Huenda picha ya karibu inagusa zaidi, na huenda pia waliokwenda sinemani walitarajia machache wakapata mengi. Hata hivyo, yanatosha kumzuia mhakiki asimwite mtazamaji wa sinemani hadhira bubu. Mgala muue na haki yake mpe.

Mfano: Umati wa Juliasi Kaizari

Mfano mmoja utalifafanua suala hili kwa namna iliyo karibu na mwanafunzi wa Kiswahili. Tamthilia ya Shakespeare kuhusu kuuawa kwa Kaizari inafahamika Afrika Mashariki kupitia tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyotolewa mwaka 1963 na kusahihishwa mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Kila aliyeisoma anajua kwamba mhusika mwenye nguvu zaidi katika mchezo huo hana jina. Ni umati. Bruto akisema, umati unamwafiki. Antonio akisema muda mfupi baadaye, umati ule ule unageuka na kuiteketeza Roma. Katika kitabu, umati huo ni mistari michache ya "Mwananchi wa Kwanza" na "Mwananchi wa Pili", nayo macho ya msomaji huipita haraka yakizifuata hotuba.

Mwaka 2018, mwelekezi Nicholas Hytner aliuandaa mchezo huu katika ukumbi wa Bridge jijini London, Ben Whishaw akiwa Bruto na David Morrissey akiwa Antonio. Hytner aliondoa viti vya sakafuni na kuwauzia mamia ya watazamaji tiketi za kusimama. Vipande vya jukwaa vilipandishwa na kushushwa katikati yao, na watazamaji wakasukumwa huku na huko kadiri mandhari yalivyobadilika. Waliolipa kutazama wakajikuta ndio umati wa Roma. Tarehe 22 Machi 2018, onyesho hilo lilitangazwa moja kwa moja katika kumbi za sinema.

Mtu aliyekuwa sinemani usiku ule hakusukumwa. Alikosa jambo ambalo aliyesimama ukumbini alilipata: kujihisi akishangilia kabla hajafikiri anashangilia nini. Lakini alipata jambo ambalo yule wa ukumbini hakuweza kulipata. Aliuona umati wenyewe. Kamera ilimwonyesha Antonio akisema na, nyuma yake, nyuso za watu wa kawaida wa mwaka 2018, wenye makoti na mikoba, zikimwelekea. Aliyekuwa ndani ya umati hakuweza kuutazama, na aliyeutazama hakuwa ndani yake. Tamthilia hii inauliza jinsi umma unavyoghilibiwa kwa ufasaha wa maneno. Swali hilo linahitaji mashahidi wote wawili.

Kutokana na mfano huu, inadhihirika kwamba mchezo uliorekodiwa huwa na hadhira mbili. Hadhira ya kwanza ni mshiriki, na itikio lake ni sehemu ya tendo. Hadhira ya pili humtazama mtendaji na hadhira yake kwa pamoja. Kwa hivyo kipengele cha nne cha Muhando na Balisidya hakijavunjwa. Kimekunjuliwa. Rekodi iliyofanywa bila hadhira ya kwanza haiwezi kudai kuwa sanaa ya maonyesho, hata ikiwa waigizaji ni hodari kiasi gani.

Suala Hili na Tamthilia ya Kiswahili

Nchini Kenya, mwanafunzi wa shule ya upili hukutana na tamthilia ya Kiswahili kama kitabu cha kutahiniwa. Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya na Bembea ya Maisha za Timothy Arege, na Kigogo cha Pauline Kea zimesomwa na mamia ya maelfu ya wanafunzi kwa nyakati tofauti. Vikundi vya waigizaji huzuru shule na kuziigiza, jambo la kupongezwa. Hata hivyo, maonyesho hayo hulenga mtihani, hufupishwa, na mengi hupotea pindi yakiisha. Mwanafunzi wa shule iliyo mbali na barabara kuu anaweza kuhitimu, akaingia chuo kikuu na kuisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein bila kuwahi kuona mchezo wa Kiswahili ukiigizwa kikamilifu.

Gharama ya kutorekodi inafahamika. Mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ katika uwanja waliojijengea. Serikali ilifuta kibali baada ya maonyesho machache, na mwaka 1982 uwanja wenyewe ukabomolewa. Anayeisoma tamthilia hiyo leo huwa na maneno mkononi. Nyimbo jinsi zilivyoitikiwa, na wanakijiji jinsi walivyowasahihisha waigizaji, ni mambo anayoyapata kwa kusimuliwa. Asiyekuwapo na lake halipo, na katika sanaa ya maonyesho karibu sote hatukuwapo.

Inaweza kupingwa kwamba Kenya haina tena sinema za mitaa. Ni kweli kwamba kumbi nyingi za sinema za zamani ziligeuzwa makanisa na maduka. Lakini utamaduni wa kutazama pamoja haukufa. Ulihamia katika vibanda vya video, na huko ulizaa mtendaji mpya: msimulizi anayeifasiri filamu ya kigeni kwa Kiswahili cha mtaani huku akiitania, sanaa iliyompa umaarufu DJ Afro. Hadhira za vibanda hivyo hucheka, hubisha na kuwaonya wahusika. Zinathibitisha kwamba kiwambo hakimlazimishi mtazamaji wa Afrika Mashariki kukaa kimya. Ukumbi wa shule au wa kaunti, projekta na spika mbili zinatosha kuwa sinema ya mtaa.

Yapo masharti, hata hivyo. Kwanza, mchezo urekodiwe ukiigizwa mbele ya hadhira halisi, na itikio la hadhira hiyo lisifutwe. Pili, kamera irudi mara kwa mara kwenye jukwaa zima. Tatu, mwandishi na waigizaji walipwe kwa kila onyesho la rekodi, la sivyo kitakachoenea ni uharamia. Nne, rekodi isiwe badala ya kikundi kinachozuru. Mji uliotazama mchezo kiwamboni unapaswa kuwa mji unaotamani kuuona mchezo huo ana kwa ana.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba tamthilia iliyorekodiwa na kuonyeshwa sinemani haiwi filamu kwa sababu ya kamera tu, wala haibaki kuwa onyesho lile lile la jukwaani. Hugandisha tendo, humgawa mtendaji, huuteua uwanja na kuizidisha hadhira. Mhakiki anayeitumia rekodi anawajibika kueleza ni usiku upi ulionaswa, nani aliyechagua picha, na hadhira ya kwanza iliitikiaje. Kwa Kiswahili, lugha yenye tamthilia nyingi zilizochapishwa na chache zilizoonekana, kazi hiyo ina haraka. Idara za Kiswahili na vyama vya wanafunzi vina waigizaji, vina matini, na siku hizi vina kamera mifukoni. Mchezo ujao utakaoigizwa katika ukumbi wa chuo unaweza kuwa wa kwanza kuhifadhiwa pamoja na makofi yake.